Mishipa iliyokufa, kwa mujibu wa kipaza sauti

Stendi ya Shule ya Tanga pale Songea au kandokando ya masoko, muuza dawa mwenye kipaza sauti hakosekani: ngiri, mgongo, kiuno, mishipa ya uume iliyokufa, dozi moja tu. Wanaume hawasimami, wanapunguza mwendo. Baadaye wanarudi mmojammoja kununua, kwa hiyo madai yake yanastahili kujibiwa.

Analolipenda zaidi ni kwamba punyeto ya ujanani imelegeza mishipa. Si kweli. Punyeto haiui neva wala haizuii damu. Inayobaki ni hofu, na hofu peke yake inatosha kumwangusha kijana mwenye afya. Anayeamka alfajiri uume umesimama imara, kisha usiku ukamgomea mbele ya mwenzake, kwa kawaida neva zake ni nzima.

Dai la pili, kwamba mishipa ikiharibika nguvu zinaisha, lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linadanganya vizuri. Amri ya kusimamisha hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hupita kwenye neva nyembamba ubavuni mwa tezi dume, na huko mwisho neva hizo hutoa naitriki oksidi inayolegeza mishipa ya damu ili uume ujae. Njia hiyo huharibiwa na ajali ya bodaboda iliyovunja uti wa mgongo, TB ya mifupa ya mgongo, upasuaji wa tezi dume, au gongo la miaka mingi. Lakini mharibifu anayenyemelea wengi ni kisukari. Mtu ana ganzi nyayoni, usiku anaamka kukojoa kila mara, naye anakoroga unga wa mizizi kwenye chai huku sukari ikiendelea kuzila neva zake! Tone moja la damu ya kidoleni lingemwambia. Neva iliyoharibika sana mara chache hupona, ila sukari ikidhibitiwa mapema, nyingi huokolewa. Hasara ya ule unga ni miezi inayopotea kabla hajapima sukari, kuliko hata pesa.

"Ni mitishamba tu, haina kemikali." Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, imefichwa kwenye bidhaa za aina hii, na hapa Tanzania Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala limewahi kufuta moja kwa kosa hilohilo. Mzee anayetumia vidonge vya moyo vya kuweka chini ya ulimi akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kushuka hadi kumuua.

Eti hospitali hawana tiba ya neva? Sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, haiponyi neva. Hurefusha ujumbe mdogo ambao neva bado inaweza kutuma. Ujumbe ukikatika kabisa, kuna sindano inayodungwa ubavuni mwa uume bila kuzitegemea neva. Giles Brindley, mtafiti Mwingereza, alijidunga mwenyewe kabla ya mhadhara wake Las Vegas mwaka 1983, kisha akashusha suruali mbele ya madaktari wenzake wajionee. Ipo pia pampu ya kufyonza hewa, yenye pete ya kubana shina la uume; pete hiyo ivuliwe kabla ya nusu saa kuisha.