Wanyama hawasomi hati ya shamba

Siku hizi, mpenzi msomaji, ukiketi na jamaa za mjini baada ya chakula cha Jumapili, mazungumzo hayakawii kufika kwenye habari za ploti. Si ploti ya kujenga vyumba vya kupangisha, la. Kinachotafutwa ni ekari moja au mbili nje ya mji, mahali ambapo watoto watakimbia bila hofu ya matatu, baba atapiga hema, mama atapunga upepo safi, na jioni punda milia watapita mbele ya kibaraza. Wazee wengine hukumbuka enzi za bunduki na leseni, wakauliza kama mtu mwenye shamba lake anaweza kuwinda swara mmoja wa kitoweo.

Nia hiyo si mbaya hata kidogo. Hata hivyo, akiba ya miaka kumi hutoka mfukoni kwa siku moja, na wahenga hawakukosea waliposema kuwa penye urembo ndipo penye urimbo.

Tuanze na hilo la kuwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Haijalishi kama swara yuko mbugani au anakula majani chini ya dirisha lako. Shamba ni lako, swara si wako. Kule Afrika Kusini mwenye shamba lililozungushiwa ua wa kutosha anaweza kumiliki wanyama walio ndani na hata kuuza nafasi za kuwinda. Huku kwetu sivyo. Kwa hivyo dalali akikunong'onezea kwamba shamba fulani lina nyama ya bure, mwage kwa heshima uende zako.

Sasa tutazame mfano ulio karibu nasi. Mbuga ya Nairobi, ambayo ni ya kwanza kabisa nchini, ilianzishwa mwaka wa 1946 na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa wazi kwa sababu maalum. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kwenda kula nyasi katika nyanda za Kitengela na Kaputiei. Kiangazi kikibana, hurudi mbugani kutafuta maji. Simba nao huwafuata, kwa maana chakula chao kina miguu.

Katika nyanda hizo hizo ndiko watu wa mjini walikokimbilia kununua ploti. Kila mmoja alifika akivutiwa na uwanda mpana na wanyama, na kila mmoja, siku ya pili tu, alipiga seng'enge kuzunguka robo ekari yake. Ua mmoja haufungi njia. Mia moja huifunga kabisa. Hivyo kile kilichomleta mnunuzi hufukuzwa na mnunuzi mwenyewe.

Wanyama waliosalia hupita wanapoweza, na hapo ndipo balaa huzuka. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016, simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani, akapatikana Isinya, akajeruhi mtu na kupigwa risasi na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Aprili 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba nyumbani, katika ranchi inayopakana na mbuga hiyo. Msomaji mwenye watoto, tafadhali usilipite jambo hilo haraka.

Utasema kuna fidia. Ni kweli kwamba sheria ya 2013 iliweka Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Lakini madai mengi yamekaa kwa miaka bila kulipwa, na hakuna fidia inayomrudisha mtoto. Isitoshe, sheria hiyo hiyo yasema mwenye mifugo au mimea hatalipwa iwapo hakuchukua hatua za kutosha kuilinda mali yake, au ikiwa anatumia shamba kinyume cha mpango wa eneo hilo.

Je, basi tukae mjini tu na moshi wetu? La hasha. Kuna wanaoishi na wanyama na tunaweza kujifunza kwao. Richard Turere, mvulana wa Kitengela, alibuni taa za kumwekamweka zilizowazuia simba kuvamia zizi la baba yake, naye alikuwa bado mtoto wa shule. Kuanzia mwaka wa 2000, palikuwa na mpango ambapo wenye mashamba huko walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua wala kugawanya ardhi. Ndiyo maana ukiona shamba halina seng'enge, usidhani mwenyewe ni mvivu. Muulize sababu.

Kabla ya kulipa hata shilingi, litembelee shamba mara mbili: kiangazi na wakati wa mvua. Dalali hupenda kukupeleka Januari, wakati barabara ni kavu na anga ni buluu. Rudi Aprili. Udongo mweusi wa Kitengela na Athi ukilowa hunata kama gundi, na huenda ukaliacha gari lako barabarani na kumalizia kwa miguu. Tazama nyayo na mavi ya wanyama. Zungumza na wachungaji, wala usizungumze na muuzaji peke yake. Mchungaji anajua nyumbu hupita wapi na fisi hulala wapi, na hana kamisheni ya kulinda.

Uliza pia kuhusu maji. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji ya visima yana floraidi nyingi, na hiyo ndiyo huwafanya watoto kuota meno ya rangi ya kahawia. Chukua maji chupani uyapeleke maabara yapimwe. Na ikiwa moyo wako umependa ufuo wa Naivasha, kumbuka kwamba maji ya ziwa hilo yalipanda sana mwaka wa 2020, yakaingia katika nyumba za watu. Maji hufuata mkondo, na kiboko huyafuata maji. Usiku huyo hutoka kula nyasi, hata zile ulizopanda kwa ajili ya watoto kuchezea mpira.

Halafu kuna makaratasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Chunguza hati katika afisi ya ardhi. Mlipe mpimaji ardhi akuonyeshe vigingi vya mpaka kwa macho yako, na umuulize kama njia ya wanyama au ukingo wa mto unakata shamba hilo. Shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi hupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Bila idhini hiyo, mkataba unaweza kuwa karatasi tupu, nawe ukabaki kumdai muuzaji pesa zako. Tenga pia ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani.

Mwisho, kaeni kama familia, watoto nao wawepo, muandike mtakachofanya huko Jumamosi ya kawaida. Si ile ya Krismasi. Ikiwa mtakwenda mara moja kwa mwezi kutazama twiga na kuchoma nyama, basi ada ya lango la mbuga na hema la kukodi zitawagharimu kidogo sana kuliko shamba, bawabu na ua. Jaribuni hivyo mwaka mzima. Ikiwa baada ya mwaka bado mnataka kuhamia huko, mtakuwa mmeshajua matope yake, fisi wake na majirani wake, na mtanunua mkiwa mmefumbua macho.