Turubai la Mvua

Kule Mashuuru, katika ukame wa Kajiado, paa la nyumba ya Kimaasai lililokandikwa udongo na samadi halitoi maji ya kunywa, na safari ya kuyatafuta humwangukia mama. Turubai huweza kumpumzisha japo kwa siku chache. Hufungwa mitini kwa kamba, ncha moja ikaachwa chini ielekee pipa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi turubai la mita 4 kwa 5 likipata milimita 10, hukaribia lita 200. Maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, wapewe mbuzi. Yanayofuata yafunikwe, na ya kunywa yachemshwe. Kwa udhu, yatosha yalivyo.