Tusiishie Kwenye Kichwa cha Habari

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Lakini kusoma kichwa cha habari si kuisoma habari.

Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu afya. Wapimaji walikwenda katika kaya zilizochaguliwa katika kila mkoa. Walipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Katika Mkoa wa Iringa, watoto 57 hivi katika kila 100 walikuwa wafupi mno kwa umri wao. Hali hiyo huitwa udumavu. Katika nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Hakuna mkoa uliozidi Iringa.

Habari ilitangazwa hivi: Iringa ina chakula tele, lakini inaongoza kwa udumavu. Maneno hayo ni mafupi, na maneno mafupi kila mtu huyajaza atakavyo. Mmoja husema, "Kina mama wa huko ni wavivu." Mwingine husema, "Ni ulanzi tu." Wa tatu husema, "Ugali ndio ubaya." Wa nne husema, "Watoto wao hawana akili."

Kipimo cha urefu hakisemi hayo. Ni kweli, udumavu unaweza kudhuru ukuaji wa akili. Lakini ubao wa kupimia urefu haupimi akili ya mtoto, wala uvivu wa mama yake.

Tutazame hapa Ilula. Tunalima nyanya na vitunguu. Malori huvipakia na kuvipeleka Dar es Salaam. Mahindi yamo ghalani. Hicho ndicho kinachoitwa chakula tele. Lakini gunia ghalani si mlo wa mtoto. Mama akishinda shambani, mtoto hula uji mtupu, tena mara moja au mbili. Ugali si sumu, ila peke yake hautoshi. Mtoto anahitaji pia maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda, na ale mara kadhaa kwa siku. Kuharisha mara kwa mara nako humrudisha nyuma. Na mama mjamzito asiyekula vizuri huanza kumpunja mtoto kabla hajazaliwa. Je, baba hayumo katika mambo haya? Fedha ya nyanya anaishika nani?

Kwa hiyo naona kosa la habari fupi ni kubwa. Humtupia mama lawama yote. Na mama aliyeaibishwa huenda akaacha kumpeleka mtoto kupimwa.

Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walisikiliza redio kwa vikundi, wakasoma vitabu, kisha wakajadiliana. Tufanye hivyo tena. Tukisikia habari ya chakula, tuulize kwanza, halafu ndipo tuamini.

Maswali ya kujadili
1. Nani walipimwa?
2. Kilipimwa nini?
3. Sababu imetafutwa, au imebuniwa na msemaji?
4. Jana mtoto wako alikula nini, na mara ngapi?