Njia ya baskeli isiwe amri kabla haijawa njia



Tunaoza watoto wetu Bara, na baadhi yao huangukia Handeni na Korogwe. Kwa aliyezoea kuwaona wanawake wa Jambiani na Paje juu ya baskeli, baibui limekunjwa vizuri lisiingie kwenye cheni, ataona huko baskeli ina kazi nzito zaidi: madumu ya maji, gunia la mahindi, mtoto kwenye keria. Tukimwambia bibi harusi aitaje baskeli katika mahari yake, msicheke.

Shida ni barabara. Ile kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita Mkata, Segera na Korogwe, na malori yake hayamsubiri mtu. Ndipo wenye huruma husema: wajengewe njia yao, kisha sheria iwalazimishe kuitumia. La kwanza tunaliunga mkono kwa mikono miwili. La pili tunalipinga, na si sisi wa mwanzo.

Ujerumani waliweka lazima hiyo mwaka 1934, na nia kubwa ilikuwa kuyapisha magari. Mwaka 1998 ikapunguzwa, ikabaki pale tu penye alama ya duara ya buluu. Miji ikaendelea kuzisimamisha alama hizo hata pasipo na haja. Mwendesha baskeli mmoja akaushitaki mji wa Regensburg, na tarehe 18 Novemba 2010 mahakama ya juu ya mambo ya utawala, iliyoko Leipzig, ikampa haki: mtu halazimishwi kwenda njia ya pembeni ila pale ambapo mahali penyewe pana hatari inayozidi sana ile ya kawaida ya barabarani.

Uingereza nako, mwanamume mmoja wa Telford alitiwa hatiani mwaka 2006 kwa kupita barabarani na huku njia ya baskeli ipo. Kuifikia njia hiyo kulimtaka avuke magari mengi. Januari 2007 rufaa yake ikakubaliwa, hukumu ikafutwa.

Haya ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ya lawama. Sheria ikishasema lazima, mwanamke aliyegongwa kwenye lami ataulizwa kwanza alifuata nini pale. Bima ya gari ni ya lazima nchini, lakini wakili wa bima atakuwa ameshapata pa kushika, na watoto wa marehemu watabaki wakizungushwa na fidia. Tutakuwa tumemwondolea dereva wajibu wake, tukamtwisha mwenye dumu la maji.

Na njia zenyewe tunazijua. Dar es Salaam, kando ya barabara ya mwendokasi ya Morogoro, njia za baskeli zimejengwa, na bodaboda na wachuuzi wamejikalia. Kuondoa udhia njiani ni katika imani yetu, lakini wanaoukumbuka mafunzo hayo wakiwa juu ya pikipiki ni wachache.

Kuna jingine ambalo waandishi wa sheria, wengi wao wanaume, hawalifikirii. Njia iliyotengwa mbali na lami, ikapita nyuma ya mashamba ya mkonge ya Korogwe, saa ya Magharibi, mwanamke peke yake hataitaka. Atataka awe karibu na taa na macho ya watu. Kumtoza faini kwa hilo ni dhulma.

Hatusemi baskeli zikae katikati ya malori. Kati ya Segera na Korogwe huenda hata majaji wa Leipzig wangekubali pana hatari ya kutosha. Lakini kwanza njia iwepo, iwe pana, ipitike na mzigo.

Kwa hiyo dada zetu mlioko huko, ikiitishwa mikutano ya barabara, nendeni, na waume zenu wakitaka wawasindikize. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaani na vijijini chini ya TARURA. Waulizeni: njia itakuwa na upana gani, mchanga utafagiliwa na nani, bodaboda zitazuiwaje, na taa zitawekwa wapi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.