TAHARIRI: WANAOHESABU NDEGE SI WEZI



Kuna maneno yanazagaa kilabuni na bombani kwamba wataalamu wanaopanda mlimani na nyavu wanatuibia ndege. Wengine wamewakataza hata vijana wao kuwabebea mizigo. Tumeona tulijibu jambo hili waziwazi.

Kwanza tujue kazi yao. Alfajiri wanatandika nyavu nyembamba kati ya miti. Ndege akinasa anatolewa taratibu, anapimwa uzito na bawa, anavishwa mguuni pete ndogo yenye namba, kisha anaachiwa aende zake. Wakirudi siku nyingine wanatazama: walionasa wenye pete wangapi, wasio na pete wangapi? Kwa hesabu hiyo wanakisia ndege waliomo msituni. Kwa vyura na wadudu wanafukia ndoo, mdomo sawasawa na ardhi. Kwa miti wanapima kipande cha msitu kwa kamba, wanahesabu mti mmoja mmoja. Basi! Ni kama karani wetu anavyohesabu magunia ghalani. Asiyehesabu hajui kama ameibiwa.

Na ghala letu si dogo. Yuko ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano, anayeishi milima ya Uluguru tu. Akiisha hapa, ameisha duniani.

Mama mmoja katika darasa letu la elimu ya watu wazima aliuliza: "Sisi shida yetu maji, ndege wa nini?" Swali zuri. Jibu ni hili. Hondohondo anakula matunda na kutupa mbegu mbali, miti inaota. Majani yanaanguka, mchwa, minyoo na uyoga wanayaozesha, udongo unakuwa laini, unakunywa mvua na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Ndivyo tunavyopata mto Morogoro, na ndivyo Dar es Salaam wanavyopata maji ya Ruvu. Ukiondoa mmoja huenda usione kitu. Ukiendelea kuondoa, kazi inasimama. Hata shambani tunajua: ukipanda mihogo ya mbegu moja tu, batobato ikiingia umelala njaa.

Tukumbuke chura wa Kihansi, kule Udzungwa. Alijulikana mwaka 1996, akiishi kwenye rasharasha za maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme rasharasha zikapungua, halafu chura wakaugua. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Lakini kwa kuwa watu walikuwa wakihesabu, waliwahi kupeleka baadhi Marekani wakazaane huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Bila hesabu angekwisha kimyakimya.

Sasa tuseme ukweli jamani. Mwizi wa mlima si mgeni mwenye wavu. Ni moto wetu wa kusafisha mashamba, unaotuponyoka na kupanda msituni. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, lakini moto hausomi kibao.

Kwa hiyo: kila mwenye shamba kandokando ya msitu alime njia ya moto kabla ya kuchoma, na asichome peke yake. Vijana waende na wataalamu, wajifunze kuhesabu. Nao wataalamu wapite ofisini kwanza, na wakimaliza watusomee walichokiona, kwa Kiswahili. Hesabu ya mali yetu na sisi tuijue.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Tawi,
Kilakala