Mgonjwa Asiyesema: Lugha Baina ya Mfugaji na Daktari wa Wanyama, Migori na Homa Bay

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlenga binadamu, kiumbe mwenye ulimi, anayeweza kuamua kusema au kunyamaza. Je, vipi kuhusu mgonjwa asiyekuwa na hiari hiyo? Mbwa hafichi maradhi. Hana tu maneno ya kuyatajia. Paka naye hujikunyata pembeni mwa jiko akangoja mtu amtambue. Kwa hivyo, katika kliniki ya wanyama, anayeumwa ni mmoja na wanaozungumza ni wengine wawili. Uhai wa yule wa kwanza hutegemea jinsi hawa wawili wanavyoelewana.

Aghalabu, malalamiko ya wenye mbwa na paka katika kaunti za Migori na Homa Bay huelezwa kwa misingi ya fedha na umbali: kliniki ni chache, ada ni kubwa, daktari yuko mbali. Malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, kipo kikwazo kingine kisichotajwa sana, nacho ni lugha. Makala haya yanashikilia kwamba kikwazo hicho huua wanyama na, kama itakavyodhihirika, huua watu pia. Aidha, yanashikilia kwamba wajibu wa kukiondoa hauwaangukii madaktari peke yao, bali unawahusu pia wale waliochagua kukisoma na kukifundisha Kiswahili.

Inafaa kwanza kumfahamu mfugaji mwenyewe. Katika sehemu hizi za Nyanza Kusini, mbwa si pambo. Ni mlinzi wa boma usiku na mwandani wa mchungaji mchana. Paka hulinda mahindi ghalani, na kwenye fuo za Mbita na Sindo hukaa karibu na omena iliyoanikwa na nyavu zinazotafunwa na panya. Mwenye mbwa mara nyingi ni yule yule mwenye ng'ombe wawili na kuku kumi. Mnyama wake augupo, mahali pa kwanza anapopajua si kliniki bali ni duka la dawa za mifugo, ambalo watu wengi huliita agroveti. Huko husimama mbele ya kaunta, hueleza alichokiona, huuziwa kichupa, kisha hurudi nyumbani.

Mambo hayakuwa hivi tangu jadi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, matibabu ya mifugo vijijini yalikuwa huduma ya serikali, na aliyehitimu shahada ya utabibu wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliajiriwa na serikali moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya sera za marekebisho ya uchumi, ajira hiyo ya moja kwa moja ilikoma na matibabu yakaachiwa soko. Katiba ya mwaka 2010 ikaja na ugatuzi: Jedwali lake la Nne limezikabidhi serikali za kaunti huduma za mifugo pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Soko likamleta mwenye duka, na ugatuzi ukamleta afisa wa kaunti. Lakini hakuna aliyeulizwa swali hili jepesi: je, watu hawa watazungumza na mfugaji kwa maneno gani?

Tuchukue, kwa mfano, neno daktari. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu taaluma hii hutofautisha baina ya daktari wa wanyama aliyehitimu shahada na msaidizi wake mwenye cheti au stashahada, na wote hawa hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama ya Kenya. Katika kinywa cha mfugaji, hata hivyo, mhitimu wa Kabete ni daktari, msaidizi ni daktari, na kijana anayeuza dawa dukani naye ni daktari. Neno moja limewabeba watu watatu wenye ujuzi usiolingana. Mfugaji akisema, "Nilimwona daktari na mbwa akafa," hakuna ajuaye alimwona nani. Lawama humwangukia asiyehusika, na imani ya watu kwa taaluma nzima hupungua.

Neno mifugo nalo lina utata wake. Wengi walisikiapo huwaza ng'ombe, mbuzi na kondoo. Anayeambiwa kuwa kuna daktari wa mifugo mjini Awendo au Oyugis hapati wazo kwamba mtu huyo humtibu paka pia. Jina la taaluma limewaacha nje wagonjwa wake. Hata mnyama afugwaye kwa mapenzi hajapata jina lililotulia: wengine husema mnyama kipenzi, wengine mnyama mwandani, na wengine huazima neno la Kiingereza. Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini kwa asili katika uwanja huu. Lamu, ambako punda ni miguu ya watu, hospitali ya punda ilianzishwa mwaka 1987, na wenye punda wa huko huyazungumza maradhi ya wanyama wao kwa Kiswahili bila kigugumizi. Msamiati hukua pale unapotumiwa. Kuhusu mbwa na paka wa bara, haujatumiwa vya kutosha kwa maandishi.

Athari ya upungufu huu huonekana hasa katika kueleza dalili. Daktari anahitaji kujua kama mnyama anatapika au anacheua tu; kama anahara maji au damu; kama anachechemea kwa maumivu au anaburura mguu uliopooza. Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, limejulikana tangu zamani kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Mbwa aliyeambukizwa vimelea vinavyoenezwa na mbung'o huweza kupata homa, kukonda, na macho yake yakafunikwa na utando mweupe. Mfugaji asemapo dukani, "Mbwa wangu anaumwa macho," hasemi uongo. Lakini atauziwa dawa ya macho ilhali maradhi yamo katika damu. Laiti angeulizwa maswali matatu au manne kwa lugha anayoimudu, jibu lingekuwa jingine.

Baada ya dalili hufuata dawa, na dawa ina maandishi. Kwenye vichupa vingi, kipimo, onyo na tarehe ya mwisho wa matumizi vimeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo. Kipimo hutegemea uzito wa mnyama, na dawa nyingi zilizopo dukani zimekusudiwa ng'ombe. Mfugaji hukadiria kwa jicho. Zipo dawa za kuulia kupe na viroboto zenye kemikali iitwayo permethrini. Mbwa huistahimili kemikali hiyo inapotumiwa kwa kipimo chake, lakini paka hudhurika nayo vibaya na huweza kufa. Sentensi moja ya Kiswahili, "Usimpake paka dawa hii," ingetosha kumwokoa. Kukosekana kwake si suala la gharama, kwani wino wa maneno manne hauna bei ya kutisha.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo zito kuliko yote, yaani kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kinga, hata hivyo, inajulikana: kumchanja mbwa, kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na kwenda hospitalini kupata chanjo bila kungoja. Wataalamu husema kwamba ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030.

Sasa litazamwe jina lenyewe. Kichaa cha mbwa ni jina lenye nguvu, lakini linapotosha mara mbili. Kwanza, neno kichaa humfanya mtu atarajie mbwa mkali, anayebweka ovyo na kumng'ata kila apitaye. Wapo mbwa wagonjwa wa namna hiyo. Lakini wapo pia wanaoshikwa na ugonjwa uo huo kwa utulivu: taya hulegea, mate hudondoka, koo hupooza, mnyama akashindwa kumeza. Mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni. Kwa huruma, hutia mkono kinywani ili autoe. Huruma hiyo yaweza kumgharimu maisha, maana virusi vimo katika mate. Pili, maneno "cha mbwa" huwasahaulisha watu kwamba paka, punda na ng'ombe huambukizwa pia na huweza kumwambukiza binadamu. Aliyekwaruzwa na kung'atwa na paka hucheka na kwenda zake. Makala haya hayapendekezi jina hilo lifutwe, kwani limekwisha kuzoeleka. Yanapendekeza lisitajwe kamwe katika bango, redio au kliniki bila maelezo yake: kwamba kuna kichaa cha ukali na kichaa cha upole, na vyote viwili huua.

Zipo hoja za kupinga msimamo huu, na ni haki zijibiwe. Kuna watakaosema kwamba tatizo ni umaskini, si maneno. Ni kweli kwamba asiye na fedha hamfikii daktari hata akiwa na ufasaha wa malenga. Hata hivyo, anayepoteza fedha zake chache kwa dawa isiyofaa huzidishiwa umaskini huo huo. Wengine watadai kuwa sayansi ni ya Kiingereza. Dai hili lilikwisha kujibiwa kwa vitendo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Iwapo moyo na figo za binadamu zimepata istilahi, za mbwa zitashindwaje?

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wapo watakaouliza kwa nini isitumiwe Dholuo, lugha ya wengi katika kaunti hizi. Jibu ni kwamba itumiwe, na itumiwe sana. Mfugaji wa Ndhiwa hatakiwi kuiacha lugha ya mama mlangoni mwa kliniki. Lakini Migori ina Wakuria, Wasuba, Wakisii, Waluhya na Wasomali, na afisa wa kaunti au mwenye duka huweza kutoka popote nchini. Isebania imepakana na Sirari ya Tanzania, na mbwa hawaonyeshi pasipoti mpakani. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya zinazoizunguka Hifadhi ya Serengeti, mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni tangu miaka ya 1990, na Kiswahili ndiyo lugha ya umma huko. Fauka ya hayo, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kwa hiyo, watu wengi waliopitia shule tangu wakati huo waweza kusoma sentensi tano za Kiswahili sanifu, ikiwa tu kuna atakayeziandika.

Isitoshe, sheria iko upande wao. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Habari isiyoeleweka haina tofauti na habari iliyofichwa.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya utabibu wa wanyama ili kuandaa orodha fupi ya dalili, viungo na dawa, ijaribiwe madukani na klinikini kabla ya kuchapishwa. Istilahi iliyozaliwa mezani pekee haiishi. Pili, wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waangalie karibu. Mazungumzo baina ya mfugaji na muuza dawa mjini Rongo ni data adhimu ya isimujamii, na kuna vyuo vikuu Rongo na Homa Bay penyewe. Tatu, serikali za kaunti zihitaji kila duka la dawa za mifugo liwe na bango la Kiswahili na la lugha ya mahali, lenye maonyo makuu, na linaloeleza ni nani daktari, ni nani msaidizi na ni nani muuzaji tu. Nne, siku ya tarehe 28 Septemba, ambayo ulimwengu huiadhimisha kwa ajili ya vita dhidi ya kichaa cha mbwa, vyama vya Kiswahili vyuoni viandae matangazo na maigizo vijijini, badala ya kuwaachia wataalamu wa afya kazi ya kutafsiri wasiyoisomea.

Kwa muda mrefu wapenzi wa Kiswahili wamekitetea kwa kukisifu. Sifa hizo ni haki yake, lakini lugha hukua zaidi pale inapomfaa mtu kwa jambo analolihitaji siku hiyo hiyo. Mfugaji anayesimama mbele ya kaunta huku mbwa wake akidondokwa na mate haombi utenzi. Anahitaji kuulizwa swali sahihi, kuelewa jibu, na kuonywa asitie mkono kinywani mwa mnyama. Wahenga walisema pia kuwa mbwa hafi maji akiuona ufuko. Wenye kuimudu lugha hii na wauonyeshe ufuko huo mapema, kabla mkono haujaingia kinywani.