Kabla ya kutupa vipokea sauti, chunguza laptopu kwanza

Mwezi jana nikiwa hapa Matulo, nilikuwa nahojiwa mtandaoni kwa kazi ya kunakili sauti kuwa maandishi. Vipokea sauti vyangu visivyo na waya vikakata mara tatu. Mara ya tatu, dada aliyekuwa akinihoji akasema, "Tutakupigia." Hadi leo sijapigiwa.

Kesho yake nilifanya kile wengi wetu hufanya: nikapanda matatu hadi Kitale, nikanunua vingine. Kufika nyumbani, navyo vikakata! Hapo ndipo nikajua shida haikuwa masikioni. Ilikuwa kwenye laptopu.

Wasee, tuambiane ukweli. Tumezoea kununua kabla ya kuuliza. Na kwa kijana anayetafuta riziki mtandaoni, hivi vidude si vya muziki tu. Ni jembe. Nani hutupa jembe kwa sababu mpini umelegea?

Vyako vikikusumbua, anza hivi. Kwanza, zima Bluetooth ya simu. Vipokea sauti vingi hurukia simu ambayo vimeizoea, vikaiacha laptopu katikati ya maongezi.

Pili, kama unatumia Windows, fungua Device Manager, nenda kwa Bluetooth, bofya mara mbili jina la adapta, kisha ufungue Power Management. Ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa chaji. Ugonjwa wangu ulikuwa hapo. Kuna laptopu ambazo hazina sehemu hiyo, usihangaike, ruka.

Tatu, Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, na Wi-Fi nyingi ziko hapo hapo. Zinasongamana kama abiria wa Ijumaa jioni. Ruta yako ikiwa na 5 GHz, hamia huko. Diski ya nje ya USB 3.0 pia inaweza kuvuruga masafa hayo, kwa hivyo ichomoe ujaribu.

Nne, futa vipokea sauti kwenye orodha ya Bluetooth, uviunganishe upya, na usasishe programu ya Bluetooth kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako.

Ukimaliza hayo yote na bado vinakata, vijaribu kwa laptopu ya rafiki. Vikikata huko pia, basi kweli vimechoka.

Mimi niliacha chuo, na haya sikuyapata darasani. Nilifunzwa na fundi wa simu kule Webuye kwa dakika kumi, nikamnunulia soda. Soda moja! Ningemuuliza mapema, pesa ya Kitale ingebaki mfukoni, na pengine ningekuwa kazini sasa.

Kwa hivyo rafiki akikuambia vyake "vimekufa", usimwelekeze dukani. Keti naye, fungueni hiyo laptopu pamoja. Na siku ya mahojiano, beba vya waya pia. Havina maringo.